Ruzuku ya Udongo: Nani Alipe Gharama ya Kuhifadhi Ardhi ya Mvumi?



Mada yetu ya leo ni mipango ya serikali ya kumsaidia mkulima, pamoja na fedha za kuhifadhi ardhi katika wilaya yetu ya Chamwino, mkoani Dodoma. Ni mada pana, na muda hauruhusu kuipitia yote, kwa hiyo nitatetea hoja moja. Kwa muda mrefu serikali imemchangia mkulima gharama ya vitu anavyonunua dukani, yaani mbegu, mbolea na dawa. Kuhusu udongo wenyewe, imemwamuru, imemkataza, au imemletea mradi wenye tarehe ya kufungwa. Ninasema kwamba utunzaji wa udongo ni kazi, tena kazi inayowanufaisha watu wengi wasioonekana shambani, na kazi hulipwa. Inafaa ilipwe kila mwaka, kwa fedha za ndani ya nchi, kwa mkataba kati ya halmashauri ya wilaya na kijiji. Shahidi wangu mkuu ni Mvumi yenyewe, kwa sababu ni sehemu chache nchini zilizojaribiwa njia nyingi za hifadhi ya ardhi kama hapa.

Tuanze na udongo. Mvua ya Dodoma ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili, na wastani wake ni kati ya milimita 500 na 600 kwa mwaka. Si nyingi, na hata hiyo haiji taratibu. Hushuka kwa vishindo vichache juu ya ardhi iliyokaa miezi saba ikipigwa na jua. Mwaka 1933 watafiti wa serikali ya kikoloni walianza jaribio pale Mpwapwa, kwa majirani zetu, wakapima maji na udongo unaotoka katika vipande vidogo vya ardhi yenye mteremko. Kipande kilichoachwa wazi bila mmea kilipoteza nusu ya maji ya mvua, na udongo uliosombwa ulifikia kiasi cha tani 146 kwa hekta kwa mwaka. Kipande kilicholimwa nafaka kilipoteza robo ya maji na tani 78 za udongo. Kipande chenye nyasi kilipoteza maji yasiyofika asilimia 2, na chenye kichaka kisichochungiwa hakikufika hata asilimia moja. Katika vipande hivyo viwili udongo haukutoka kabisa. Mvua ilikuwa ileile na mteremko uleule, tofauti ikawa ni kile kilichofunika ardhi. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya ukame tunaoulalamikia inaanzia ardhini. Mkulima mwenye shamba tupu anapokea milimita 500 na kubaki na 250, halafu anaambiwa mwaka ulikuwa mbaya.

Udongo unaosombwa hauishii kwa aliyeupoteza. Bwawa la Ikowa, ndani ya wilaya hii hii, lilijengwa mwaka 1957. Watafiti wa vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Uppsala walipolipima mwanzoni mwa miaka ya 1970 walikuta linajaa mchanga kwa kasi ambayo waliolijenga hawakuitarajia. Kusini mwa wilaya, maji hushuka kuelekea bwawa la Mtera. Bwawa hilo lina mitambo ya megawati 80, na huhifadhi maji yanayozungusha mitambo ya Kidatu yenye megawati 204. Kwa hiyo mkulima anayeweka tuta la kukinga maji shambani kwake analinda pia bwawa la wenzake na umeme wa mtu wa Dar es Salaam asiyemjua. Anafanya kazi ya nchi nzima kwa jembe lake, kwa jasho lake, bila malipo. Hapo ndipo lilipo tatizo la kiuchumi. Faida ya hifadhi imegawanyika kwa watu wengi na kwa miaka mingi, lakini gharama yake inamwangukia mtu mmoja, msimu huu, wakati ghala lake halina kitu.

Serikali zilizopita zililiona tatizo hili, zikadhani dawa yake ni amri. Mkoloni aliwalazimisha wakulima wa sehemu nyingi za Tanganyika kuchimba matuta na kupunguza mifugo. Kule Uluguru amri hizo zilizaa vurugu mwaka 1955 na mpango ukaachwa. Chuki dhidi ya matuta ya lazima ikawa mojawapo ya mambo yaliyokipa chama cha TANU nguvu vijijini, na uhuru ulipopatikana wengi waliona kuacha matuta ni sehemu ya uhuru wenyewe. Hapa Ugogo, nchi ya Wagogo, kulikuwa na kumbukumbu nzito zaidi. Katika Vita Kuu ya Kwanza majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalichukua nafaka, ng'ombe na wapagazi, kisha mvua ikakosekana, ikafuata njaa ya Mtunya ya 1918 hadi 1920 iliyoua maelfu kwa maelfu ya watu. Watu waliorithi simulizi hiyo wanajua vizuri maana ya serikali kuja kuchukua akiba ya mtu kwa faida ya wengine.

Ndipo tukafika kwenye mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ambao wote mnaufahamu kwa jina la HADO. Ulianza mwaka 1973 chini ya Idara ya Misitu na Nyuki, kwa fedha za Sweden. Katika miaka ya kwanza ulitegemea mitambo: matrekta yalichimba makinga maji, vitalu vikaotesha miche, vibarua wakalipwa. Kazi ilionekana, ila ilikuwa kazi ya mradi. Makinga maji yalipobomoka, mwenye shamba alisubiri mradi urudi kuyajenga. Mwaka 1979 serikali ikachukua hatua kali kule Kondoa: mifugo yote, inayokadiriwa kuwa karibu 90,000, iliondolewa katika eneo la kilomita za mraba 1,256 lililokuwa limeliwa na makorongo. Mwaka 1986 amri ya namna hiyo ikashuka Mvumi. Ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda wakatakiwa kuondoka.

Ni lazima tuwe waadilifu katika kuupima mradi huo. Kwa upande wa ardhi, ulifanya kazi. Waliochunguza Kondoa kwa miaka mingi, wakiwemo Idris Kikula, Claude Mung'ong'o na wenzao kutoka Sweden, Carl Christiansson na Wilhelm Östberg, walieleza jinsi nyasi na vichaka vilivyorudi, makorongo yakatulia, na mito ya mchanga ikapungua upana. Ardhi iliyodhaniwa kufa ilionyesha kwamba ikipumzishwa huinuka. Hilo ni somo la thamani, na anayesema HADO haikuacha kitu hajaangalia milima ya Kondoa.

Lakini hesabu ya HADO ilikuwa na safu moja tu, ya ardhi. Safu ya kaya haikuwekwa. Kwa Mgogo, ng'ombe ni maziwa ya mtoto, ni mahari, ni nafaka ya mwaka wa njaa iliyohifadhiwa katika umbo jingine. Peter Rigby, katika kitabu chake cha 1969 kuhusu ng'ombe na ukoo kwa Wagogo, alieleza kwa kirefu jinsi mifugo inavyoshikilia mahusiano ya koo na jinsi watu wanavyotawanya ng'ombe kwa ndugu na marafiki ili ukame ukipiga upande mmoja, upande mwingine ubaki. Zaidi ya hayo, ng'ombe ni samadi, na katika udongo wa kichanga kama wa Mvumi samadi ndiyo inayotofautisha uwele uliojaza masuke na uwele uliosinyaa. Zizi lilipohama, samadi ikahama nalo, na shamba lililokuwa likilindwa dhidi ya kwato likaanza kudhoofika kwa njaa ya mbolea. Mifugo yenyewe haikuyeyuka. Ilipelekwa kwa ndugu na kwenye mbuga za jirani, ikaongeza mzigo huko. Ufugaji wa ndani wa ng'ombe wa maziwa ulioletwa baadaye ulizisaidia kaya chache zilizoweza kumudu banda, majani na maji ya kubeba kichwani. Ufadhili wa Sweden ukakoma katikati ya miaka ya 1990. Fedha zilipokoma doria za kuzuia mifugo zikapungua, na doria zilipopungua mifugo ikaanza kurudi. Hifadhi iliyosimama juu ya mshahara wa mlinzi haikuweza kusimama bila mshahara huo.

Mwaka huo huo wa 1986 amri ilipoingia Mvumi, serikali ile ile ilianzisha mradi mwingine, Hifadhi Ardhi Shinyanga, au HASHI, kwa msaada wa Norway. Shinyanga nako kulikuwa kumegeuka jangwa, na mifugo ilikuwa mingi kuliko ya kwetu. Baada ya kuanza kwa kuotesha miche, wataalamu wakageukia desturi ya Wasukuma ya ngitili, yaani kutenga sehemu ya malisho wakati wa masika ili ichungiwe kiangazi kinapokaza. Hakuna ng'ombe aliyefukuzwa. Familia ilitenga ngitili yake, kijiji kikatenga yake, na walinzi wa jadi, sungusungu, wakasimamia kwa sheria za kijiji. Ngitili zilizotambuliwa mwaka 1986 zilikuwa kama hekta 600. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikadiriwa kuzidi hekta 300,000, na mwaka 2002 mradi huo ukapata tuzo ya Umoja wa Mataifa. Hata tukipunguza makadirio hayo kwa sababu ngitili nyingine zilikuwepo ila hazikuandikwa, tofauti inabaki kubwa mno. Hali ya hewa haitoshi kuieleza, maana mikoa hii miwili yote ni mikavu. Tofauti ni kwamba mfugaji wa Shinyanga aliiona faida ya hifadhi tumboni mwa ng'ombe wake mwezi wa Septemba, na mfugaji wa Mvumi aliiona kwenye taarifa za wataalamu.

Sasa tuje kwenye fedha za leo. Hakuna anayeweza kusema kwamba serikali imekisahau kilimo katika miaka ya karibuni. Bajeti ya Wizara ya Kilimo ilikuwa takriban shilingi bilioni 294 mwaka 2021/22. Mwaka 2024/25 ilivuka trilioni 1.2. Tarehe 8 Agosti 2022, katika sherehe za Nanenane jijini Mbeya, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua ruzuku ya mbolea. Mfuko wa DAP wa kilo 50, uliokuwa umefika zaidi ya shilingi 130,000 kutokana na bei za dunia, ukauzwa kwa 70,000 kwa mkulima aliyejiandikisha. Tarehe 20 Machi 2023, hapa hapa Chamwino, ulizinduliwa mpango wa vijana wa Jenga Kesho Iliyo Bora katika eneo la Chinangali, na mashamba makubwa ya pamoja yakatengwa huko na Ndogowe. Kuna fedha za umwagiliaji, kuna mikopo ya Benki ya Maendeleo ya Kilimo, kuna asilimia 10 ya mapato ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu.

Tukiipanga mipango hii mezani na kuuliza kila mmoja unamlipia mkulima nini, tunapata jibu la aina moja. Ruzuku ya mbolea inamfikia anayenunua mbolea, na anayenunua mbolea kwa wingi ni mkulima wa mahindi wa Nyanda za Juu Kusini, ambaye mvua yake ni ya uhakika. Mkulima wa mtama na uwele wa Mvumi anapiga hesabu nyingine: akinunua mfuko mmoja halafu mvua ikakatika Februari, hasara ni yake. Kutonunua kwake ni busara ya mtu anayeijua mvua yake. Isitoshe, mbolea iliyowekwa juu ya shamba linalopoteza tani za udongo kila masika inasombwa pamoja na udongo huo, na fedha ya umma inaishia korongoni. Mashamba ya pamoja ya vijana yanasafishwa, yanapimwa na kuwekewa miundombinu kwa gharama kubwa, ila eneo lake ni dogo likilinganishwa na mashamba ya kaya ambako ndiko wengi wetu tunakolima. Kwa kifupi, mkulima mdogo wa nyanda kavu anachangia kodi katika mfuko ambao mlango wake umejengwa kwa kipimo cha mkulima mwingine.

Fedha za hifadhi nazo zipo, lakini hupita kwa mlango tofauti. Ofisi ya Makamu wa Rais imesimamia mradi wa kurejesha ardhi iliyochakaa katika wilaya tano, Kondoa ikiwa mojawapo, kwa fedha za Mfuko wa Mazingira wa Dunia kupitia shirika la IFAD. Mradi mwingine wa kuhimili mabadiliko ya tabianchi uliigusa Mpwapwa. Ni miradi mizuri, yenye visima, malambo, vitalu na mafunzo. Kasoro yake ni kalenda. Mradi wa miaka mitano hutumia mwaka wa kwanza kuajiri na kununua magari, na mwaka wa mwisho kuandika taarifa. Udongo unabaki na miaka mitatu, wakati mti wa mgunga unahitaji zaidi ya hiyo kutoa kivuli. HADO ilikaa zaidi ya miaka ishirini na bado ilikufa siku mfadhili alipofunga daftari. Wilaya isiyo na mradi nayo hukaa mikono mitupu ikisubiri zamu yake.

Huenda mtu akauliza kama kuna mbinu ya hifadhi yenye gharama ambayo nchi yetu inaweza kuibeba. Ipo, na inafanyika mkoani hapa. Tangu 2018 shirika la LEAD Foundation, likishirikiana na Justdiggit la Uholanzi, limekuwa likieneza Kisiki Hai katika wilaya za Dodoma. Chini ya mashamba yetu kuna visiki vya miti iliyokatwa zamani ambavyo mizizi yake haijafa. Kila masika vinachipua, na kila msimu wa kulima tunavifyeka kama magugu. Mkulima wa Kisiki Hai hukiangalia kisiki chenye machipukizi kumi au kumi na tano, akachagua machache yaliyonyooka na yenye afya, akapogolea mengine, akafunga kitambaa kwenye yaliyobaki ili mchungaji na mpita njia wajue kwamba mti huo una mwenyewe, kisha akautunza. Hanunui mche wala hamwagilii, kwa sababu mzizi uko tayari chini ukinywa maji ambayo mche mchanga haungeyafikia. Kifaa chake ni panga na kitambaa. Kwa kuongezea huchimba makinga maji ya nusu duara kwenye ardhi iliyogandamana, ambayo huyakamata maji yanayokimbia na kuruhusu nyasi kuota. Gharama kubwa hapa ni siku za kazi na uvumilivu, na hivyo ndivyo vitu ambavyo hakuna ruzuku ya kilimo iliyowahi kuvilipia.

Ninachopendekeza kinafuata kutoka hapo. Halmashauri ya wilaya iingie mkataba na kijiji, upitishwe na mkutano mkuu wa kijiji, wa miaka kumi au zaidi. Kijiji kitaje eneo, kazi na kanuni: visiki vingapi kwa ekari, makinga maji kwa urefu gani, malisho yapi yanapumzishwa na kwa miezi ipi. Mwaka ukiisha kazi ikaguliwe, na kaya iliyotimiza ilipwe kwa ekari, huku sehemu ya malipo ikibaki kwenye mfuko wa kijiji. Njia ya kulipa tunayo. Chamwino ilikuwa moja ya wilaya tatu, pamoja na Bagamoyo na Kibaha, ambako Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) ulifanya majaribio ya kuhawilisha fedha kwa kaya masikini kabla mpango haujaenea nchi nzima, na malipo yakaanza mwaka 2010. Orodha zilitengenezwa na jamii na masharti yakafuatiliwa. TASAF pia imelipa ajira za muda kwa kuchimba malambo na kuotesha miti. Tunachokosa ni kuiondoa hifadhi kwenye fungu la msaada kwa masikini na kuiweka kwenye fungu la kilimo, ili anayelipwa alipwe kwa kazi aliyoifanya, awe masikini au la.

Kwanza, wengine watapinga kwamba ni aibu kumlipa mtu kwa kutunza shamba lake mwenyewe. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama tungekuwa hatumlipii chochote shambani kwake. Mbolea iliyopunguzwa bei nayo inaingia kwenye shamba lake na mavuno ni yake, lakini hakuna aliyeita ruzuku hiyo aibu. Marekani, nchi iliyosifia biashara huria kwa miaka mingi, ilianza kuwagharimia wakulima wake hifadhi ya udongo katika miaka ya 1930, baada ya dhoruba za vumbi kuangamiza nyanda zake za kati. Tangu 1985 inawalipa kwa mikataba ya miaka 10 hadi 15 wanaopumzisha ardhi inayomomonyoka, na katika maeneo mengi kamati za hifadhi za ngazi ya wilaya huchaguliwa na wananchi wenyewe. Sisi hatuna utajiri wa Marekani, ila kanuni yenyewe haihitaji utajiri: anayefanya kazi yenye faida kwa umma anachangiwa na umma. Tena imejaribiwa hapa nchini. Kuanzia 2006, kwa usimamizi wa mashirika ya CARE na WWF, wakulima wa Kibungo Juu milimani Uluguru walilipwa kwa kuhifadhi chanzo cha mto Ruvu, na waliochangia malipo walikuwa watumiaji wa maji, yaani shirika la maji la Dar es Salaam, DAWASCO, na kiwanda cha Coca-Cola Kwanza.

Pingamizi la pili ni fedha. Tufanye hesabu. Asilimia moja tu ya bajeti ya shilingi trilioni 1.2 ni bilioni 12. Kwa malipo ya shilingi 50,000 kwa ekari, zinatosha ekari 240,000 kwa mwaka. Hazitoshi nchi nzima, lakini zinatosha kuanza katika wilaya kavu za kanda ya kati na kuonyesha kama jambo lenyewe linafaa. Baadaye wauzaji wa maji na umeme wachangie, kwa sababu mchanga unaowajazia mabwawa unatoka huku. Biashara ya kaboni, ambayo kanuni zake zilitoka 2022, inaweza kuongeza kitu. Naionea shaka kama msingi, kwa kuwa bei yake hupangwa mbali na hubadilika, na tumeshaona hifadhi inayotegemea mfuko wa mgeni inavyoishia.

Pingamizi la tatu ni zito zaidi, na linatoka kwa wataalamu wa ardhi: bila kuondoa mifugo hakuna kitakachopona, na Kondoa ni ushahidi. Nakubali kwamba kupumzisha ardhi kunahitajika. Ninachokataa ni kwamba lazima kuwe kwa kufukuza. Shinyanga ilipumzisha ardhi kwa zamu, na mwenye ng'ombe akawa mlinzi wa zamu hiyo. Mkataba wa kijiji unaweza kufunga malisho fulani kwa miaka kadhaa ikiwa kuna malipo ya kununulia pumba, mashudu ya alizeti na majani katika kipindi hicho. Mwaka 1986 mfugaji wa Mvumi hakupewa fidia yoyote iliyolingana na alichopoteza. Jaribio la kufunga malisho kwa fidia halijawahi kufanyika hapa, kwa hiyo hatuwezi kulihukumu kwa makosa ya lile lisilo na fidia.

Pingamizi la mwisho ni udanganyifu. Watasema visiki vitahesabiwa mara mbili, mtendaji ataandika jina la shemeji yake, na watu watazoea kupewa. Hatari hiyo ni ya kweli. Mfumo wa vocha za pembejeo wa kuanzia 2008 ulikumbwa na vocha zilizouzwa na saini za uongo. Lakini vocha ni karatasi na iliweza kufichwa. Kisiki kiko wazi shambani, chenye kitambaa, mbele ya majirani wote, na picha za setilaiti siku hizi huonyesha kama eneo limeota au limebaki tupu. Majina na malipo yabandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kijiji na kusomwa mkutanoni kabla fedha haijatoka. Kuhusu kuzoea kupewa, asiyefanya kazi halipwi, na huo ni ujira kama ujira mwingine.

Ndugu zangu, sidai kwamba malipo pekee yataiponya Mvumi. Zinahitajika mbegu zinazokomaa mapema, soko la mtama lenye bei ya kueleweka, maafisa ugani wenye pikipiki na mafuta, na mpango wa matumizi ya ardhi katika kila kijiji kama sheria ya ardhi ya vijiji ya 1999 inavyoruhusu. Ninachodai ni kwamba hayo yote yanajengwa juu ya udongo, na udongo ndio kitu pekee katika kilimo chetu ambacho bajeti ya taifa haijakiwekea bei. Bunge la Bajeti huanza kila Aprili mjini Dodoma, mwendo mfupi kutoka hapa, na mipango ya halmashauri huanza kuandikwa miezi kadhaa kabla ya hapo, kutokana na vipaumbele vya vijiji. Basi katika mkutano mkuu ujao wa kijiji, kabla ya kuomba trekta au kisima, simameni muombe fungu la udongo liandikwe, muhtasari usainiwe na nakala ibaki kijijini. Diwani na mbunge wakija kuomba kura, waulizeni fungu hilo limefikia wapi.